Uhuru Ulidaiwa Kariakoo, Serikali Ikapangwa Karimjee

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana, mama lishe na wafanyabiashara ndogondogo wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Tunayachapa kama alivyoyatoa. – Mhariri

  

Nimeombwa nizungumzie jinsi makoloni yalivyowaasi watawala wao, yakapata uhuru na kuunda serikali mpya. Niseme mapema kwamba mimi si mwanahistoria wala mwanasheria. Elimu yangu ni ya sekondari, na kazi yangu ni kuandika habari ambazo nalipwa zikichapwa, zisipochapwa nalala hivyo hivyo. Lakini historia ninayotaka kuisema leo nayo haikutengenezwa na maprofesa. Ilitengenezwa na makuli wa bandarini, wapishi, makarani, wauza samaki na akina mama wa ngoma, na wengi wao waliishi mitaa hii hii tunayouzia leo.

Hoja yangu ni moja. Kudai uhuru ni kazi moja, na kuunda serikali ni kazi nyingine kabisa. Kazi ya kwanza tuliifanya wengi. Kazi ya pili ikafanywa na wachache, kwa haraka, na bili yake inaletwa kwetu mpaka leo.

JINA LA WAPAGAZI

Tuanze na jina la hapa tulipo. Waingereza walipouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo ulimi wa Mswahili ulilolikunjakunja likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliobebeshwa risasi, unga na mizinga ya vita isiyowahusu. Maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Askari alijengewa sanamu mwaka 1927, ile mnayoiona pale Mtaa wa Samora. Mpagazi alibakiwa na jina la soko.

Mpagazi, ndugu zangu, ni mtu anayebeba mzigo ambao si wake. Mlishike neno hilo.

Miaka kumi na moja kabla ya kambi hiyo, babu zetu wa kusini walikuwa wamejaribu njia ya silaha. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, vikaenea hadi Songea na kwingineko. Kinjeketile Ngwale alinyongwa mapema, tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita havikufa naye. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Serikali yao yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wapo wanahistoria wanaosema walifika 250,000 au 300,000, wengi wao kwa njaa.

Kwa hiyo mtu akikwambia Watanganyika waliupata uhuru bila kumwaga damu, mwambie damu ililipwa mapema. Kizazi cha miaka ya 1950 kilichagua njia ya mikutano kwa sababu kilijua bei ya njia nyingine.

SHULE YA KUJITAWALA

Sasa tuje kwenye mitaa yetu. Waingereza waliugawa mji kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika huku kwetu, na uwanda wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Nyumba za Kariakoo zilikuwa za vyumba sita na korido katikati, mpangaji huyu Mzaramo, yule Mmanyema, yule Mnyamwezi, mwingine Mngoni, choo kimoja na kisima kimoja. Watu wa namna hiyo hawawezi kuishi bila kanuni. Walikuwa na vyama vya kuzikana, vyama vya ngoma na vilabu vya mpira, kila kimoja kina mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na mshika fedha aliyekula fedha aliulizwa mbele ya watu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu ya kwanza ya kujitawala, na hakuna gavana aliyeifungua.

Mwaka 1929 kilianzishwa Chama cha Waafrika hapa mjini, kikajenga ofisi yake New Street, mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Mwaka 1937 mwenye duka mmoja aliyeitwa Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, akaanzisha gazeti la Kiswahili la Kwetu. Hakuwa na mtambo wa maana wala mfadhili. Sisi tunaoandika leo kwa kubahatisha tuna babu yetu pale.

Septemba 1947 makuli wa bandari wakagoma. Mgomo ule ukapanda reli ya kati kama moto wa nyika, mji baada ya mji. Serikali ikalazimika kutazama upya mishahara. Makuli wakaunda chama chao, na mmoja wa makatibu wake alikuwa kijana aliyerudi kutoka vitani Burma, Abdulwahid Sykes. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwenye ghasia na chama kikafutwa. Lakini somo lilikuwa limeingia: kumbe mkoloni anaweza kuketishwa mezani.

Tarehe 7 Julai 1954, katika ile ile ofisi ya New Street, chama cha TAA kikageuzwa kuwa TANU, Julius Nyerere akiwa rais wake. Ali Sykes na kaka yake Abdulwahid walikuwa miongoni mwa waasisi, na huyo Abdulwahid ndiye aliyekuwa msimamizi wa soko hili la Kariakoo. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni, alikuwa miongoni mwa wazee waliomtunza Nyerere alipokuwa ameacha mshahara wa ualimu. Yaani fedha za samaki wa Kariakoo zimo ndani ya uhuru wa nchi hii, ingawa hazimo kwenye hotuba za sherehe.

Na akina mama, msijisahau. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Hakuanza kwa kuandika barua. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, akazungumza na viongozi wao, nao wakaja na wanachama wao wote. Kwa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi, wakati wanaume wengi walioajiriwa serikalini bado wanaogopa kufukuzwa kazi. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa jela kwa uchochezi. Mwaka huo huo Nyerere akatozwa faini kwa makala iliyowakashifu mabwana wilaya.

KURA TATU

Koloni letu lilikuwa na jambo moja la pekee. Kwa sheria za dunia halikuwa mali ya Mwingereza moja kwa moja. Lilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walikuwa wa kwanza kuutumia mlango huo vizuri. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi New York. Ardhi hakurudi nayo wakati ule, lakini alionyesha njia. Machi 1955 Nyerere akaipita njia hiyo hiyo, nauli ikiwa imechangwa na wananchi.

Mkoloni naye hakuwa mjinga. Alileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na kupiga kura kwenyewe kulitaka kipato au elimu, kwa hiyo mpagazi wetu hakuwamo. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana kweli kweli, kisha ikaamua kuingia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake cha Congress. Hebu litazameni jambo hilo: mwaka 1958, chini ya mkoloni, Mwafrika aliweza kutofautiana na TANU, akaunda chama, akasajili, akafanya mikutano.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ilishinda pamoja na Wazungu na Waasia iliowaunga mkono. Uchaguzi wa Agosti 1960 ikapata viti 70 kati ya 71. Katika viti hivyo, 58 vilipita bila kupingwa.

SIKU TATU

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Kutoka sokoni Kariakoo hadi Ukumbi wa Karimjee ni mwendo wa miguu usiofika saa nzima. Unavuka Mnazi Mmoja, unapita Uhindini, unakaribia bahari, umefika. Katika ukumbi huo, tarehe 27 Machi 1961, ulifunguliwa mkutano wa katiba kati ya viongozi wa Tanganyika na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod. Tarehe 29 Machi ulikuwa umekwisha. Siku tatu! Wakenya walikwenda London mara tatu, 1960, 1962 na 1963, wakagombana wiki kwa wiki. Sisi tulimaliza kabla ya samaki kuoza.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Tarehe 1 Mei 1961 tukapata serikali ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Lakini katiba yenyewe ilitolewa London kwa amri ya Malkia, na haikuwa na orodha ya haki za raia. Viongozi wetu wenyewe hawakuitaka, wakihofu kwamba ingewafunga mikono wakati wa kuijenga nchi.

Mwaka 1962 tukaandika nyingine, ya Jamhuri. Serikali ilitoa mapendekezo, Bunge likajigeuza kuwa Bunge la Katiba, likapitisha. Bunge lipi? Lile lile la viti 70 kwa kimoja. Wananchi waliitwa Novemba 1962 kumchagua Rais. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja na laki moja, Mtemvu kura zaidi kidogo ya 21,000. Wananchi waliulizwa nani awe Rais. Hawakuulizwa Rais awe na madaraka kiasi gani.

MILANGO INAFUNGWA

Sasa hesabuni pamoja nami silaha zilizotumika kumwondoa mkoloni. Ya kwanza mgomo. Mwaka 1962 sheria ikaubana mgomo, na mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi likavunjwa, kikawekwa chama kimoja chini ya serikali. Ya pili mdomo. Mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Ya tatu, haki ya kusema hapana na kuunda chama kingine, kama alivyofanya Mtemvu. Mwaka 1965 katiba ya muda ikafanya chama kiwe kimoja kwa sheria.

Ngazi tuliyopandia ikavutwa juu. Na walioivuta walikuwa wenzetu tuliopanda nao.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba nchi ilikuwa changa, wasomi wachache, na Januari 1964 jeshi liliasi pale Colito mpaka Waingereza wakaitwa kulinyamazisha. Wapo watakaosema Nyerere hakujilimbikizia mali, alitupa lugha moja na umoja ambao majirani wanatuonea wivu. Yote hayo ni kweli, na mimi siyafuti. Swali langu ni jingine. Serikali inayotegemea wema wa mtu mmoja, huyo mtu akiondoka inategemea nini? Katiba haiandikwi kwa ajili ya kiongozi mwema. Inaandikwa kwa ajili ya yule atakayemfuata, ambaye hujamjua.

Bibi Titi, aliyeingiza maelfu ya wanawake chamani, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa na kuachiwa mwaka 1972. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake. Daladala zinalitaja mara elfu kwa siku.

WENZETU WALIFANYAJE

Tusijione tuko peke yetu. Makoloni 13 ya Amerika yalitangaza kujitenga na Mwingereza mwaka 1776, yakapigana mpaka amani ya 1783. Serikali yao ya kwanza ilikuwa dhaifu, ikawashinda. Mwaka 1787 wakubwa wao wakajifungia Philadelphia, milango na madirisha kufungwa, wakaandika katiba mpya. Mpaka hapo ni kama Karimjee. Tofauti ni kilichofuata. Katiba ile ilipelekwa kwenye kila jimbo, ikajadiliwa hadharani na magazetini, watu wakasema: haki zetu ziko wapi? Mwaka 1791 haki hizo zikaongezwa. Tusiwapambe kupita kiasi, maana watumwa weusi, wanawake na wenyeji wa nchi ile hawakuulizwa. Lakini kanuni ilikuwa imewekwa, na wajukuu wa wale watumwa wakaja kuitumia kudai chao.

Wazanzibari, ndugu zetu, walipewa uhuru 10 Desemba 1963 kwa hesabu iliyopinda. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo ASP ilipata kura zaidi ya nusu, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ile ilidumu mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 12 Januari 1964 yakawa Mapinduzi. Serikali ambayo wengi hawajioni ndani yake hailindwi na bendera.

Wakenya walimwaga damu nyingi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Dedan Kimathi akanyongwa Februari 1957, uhuru ukaja 12 Desemba 1963. Katiba waliyobishania London ikaanza kubomolewa na viongozi wao ndani ya mwaka mmoja. Lakini Wakenya hawakuchoka. Mwaka 2005 waliletewa rasimu ya katiba, wakaipigia kura ya hapana. Mwaka 2010 wakaletewa nyingine, wakasema ndiyo. Matatizo wanayo tele, lakini Mkenya wa soko la Kongowea anaweza kusema: hii katiba niliikataa mara moja na kuikubali mara moja. Sisi tunaweza kusema hivyo?

KATIBA YA WATU ISHIRINI

Jibu ni hapana. Katiba tuliyonayo ni ya mwaka 1977. Watu 20 walioandaa katiba ya CCM ndio hao hao walioteuliwa kuandaa katiba ya nchi, kisha Bunge likakaa kama Bunge la Katiba na kuipitisha tarehe 25 Aprili 1977. Haki za raia ziliingizwa mwaka 1984 tu, miaka 23 baada ya Uhuru, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia mwaka 1988. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 ilipendekeza vyama vingi, vikaja Julai 1992. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 mbaya na ikashauri nchi ipate katiba mpya. Vyama vingi vikaingizwa kwenye katiba ya chama kimoja kama kiraka kwenye kanzu kuukuu.

Mwaka 2012 tulidhani zamu yetu imefika. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, na mwananchi wa kawaida aliulizwa. Rasimu ikaenda Bunge Maalum Dodoma mwaka 2014. Mambo makubwa yakabadilishwa, wapinzani wa UKAWA wakatoka Aprili mwaka huo, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Mzigo tulibeba mpaka mlangoni, mlango haukufunguliwa.

Ndugu zangu, msiniulize kwa nini nazungumza katiba na watu wanaotafuta unga. Ushuru unaolipa pale Mtaa wa Kongo unatoka kwenye sheria. Mgambo anayebeba bidhaa zako anasema ametumwa na sheria. Sheria ni mtoto wa katiba, na mtoto hufuata mama. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na usumbufu, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Vizuri. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa kungoja maduka yafungwe ndipo mkubwa aje kusikiliza.

Basi nawaachia maswali matatu. Mtu yeyote akiwaletea katiba, awe wa chama tawala, awe wa upinzani, awe na digrii tano, mwulizeni hivi. Kwanza, nani aliulizwa kabla haijaandikwa? Pili, tukiikataa, itarudi kuandikwa upya au itapita tu? Tatu, hao wanaoongoza kwa katiba hii wakituchosha, tunawaondoaje kwa amani? Na hata chama changu, na chama chako, kikijibu kwa kubabaisha, msikipe kura.

Makuli wa 1947 hawakuwa na kidato cha nne. Akina mama wa Bomba hawakuwa na wakili. Walijua tu kwamba mtu anayebeba mzigo ana haki ya kuuliza ndani mna nini, unakwenda kwa nani, na yeye atalipwa nini. Sisi tunaobeba mizigo mikubwa kuliko yao tuna haki hiyo hiyo.

 Mwenye swali aulize, nipo hapa mpaka jua lizame.